Picha za mwanzo za wakuu wa nchi: bamba, kadi au mchoro, uchukue ipi?

Mtu akiniandikia kwamba anatafuta picha ya kale ya kiongozi wa taifa, iwe ya kitabu cha shule, ya bango la maonyesho au ya kutundika tu sebuleni, karibu kila mara ombi lake huwa moja: nipe ile ya kwanza kabisa. Si ombi baya, lakini limewaponza wengi. Picha ya kwanza mara nyingi imepotea, au iliyopo ni nakala ya nakala, au ni "ya kwanza" kwa masharti matatu ambayo maelezo yake yanakula nafasi kuliko picha yenyewe.

Kazi yangu ya kila siku ni kuchagua picha za kuingia vitabuni, na swali ninaloanza nalo ni jingine: mwenye sura alisemaje alipoiona? Aliyeichukia picha yake ametuachia kitu. Aliyeifurahia hadi ikatolewa kwa maelfu naye ametuachia kitu, ila si kile kile, na ni vizuri ujue unachukua kipi.

Bamba na kadi, ukizishika mkononi

Fungu la kwanza ni dagerotipu. Ufundi wake uliwekwa hadharani mjini Paris Agosti 1839, ukapewa jina la Louis Daguerre. Bamba la shaba lililopakwa fedha lilisuguliwa hadi likang'aa, likafukizwa kwa mvuke wa aidini ili lishike mwanga, likaingizwa kamerani, kisha sura ikaibuliwa kwa mvuke wa zebaki. Hakuna negativu hapo, yaani ile sura ya kinyume ya kuchapia nakala. Bamba lililokuwa mbele ya mkuu siku ile ndilo lile lile lililomo ndani ya kasha lake leo, wala halina pacha. Ukilishika mkononi, sura ya kwanza unayoiona ni yako mwenyewe, maana uso wa bamba ni kioo. Liinamishe kidogo, wewe unaondoka na mzee anatokea. Liinamishe tena, koti lake jeusi linageuka jeupe na yeye anakuwa kama mzuka. Skani haiwezi kukuletea mchezo huo. Na kioo cha kulinda kikitolewa, mtu akapitisha kidole juu ya fedha, kidole kinaondoka na pua ya rais. Ndiyo maana nyingi zimeharibiwa na watu wenye nia njema waliotaka kuzifuta vumbi.

Fungu la pili ni picha ya karatasi. Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alitangaza njia ya kolodioni: bamba la kioo linapakwa, linapigwa na kusafishwa likiwa bado bichi, nawe unabaki na negativu inayoweza kuchapa nakala upendavyo juu ya karatasi iliyopakwa ute wa yai. Mwaka 1854 Mfaransa André Disdéri akasajili hataza ya kadi-picha. Kamera yake ilikuwa na lenzi kadhaa, bamba moja likatoa picha nane, na kila moja ikabandikwa juu ya kadi ya sentimita 6 kwa 10 hivi. Bei ikaanguka. Hapo ndipo sura ya mtawala ilipoingia katika albamu za watu wa kawaida, ukurasa mmoja baada ya shangazi. (Kuna hadithi inayopendwa kwamba mwaka 1859 Napoleon III alisimamisha jeshi lake nje ya studio ya Disdéri ili apigwe picha. Ni tamu mno, na wanaoijua historia hiyo wengi hawaiamini. Usiiweke kwenye maelezo ya picha.)

Kwa mchaguzi, tofauti kubwa ni hii. Dagerotipu nzuri ina undani wa kutisha: ikuze mara kumi na bado utahesabu nywele za kidevuni. Kadi-picha ina uso wenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Ikuze hadi ukubwa wa bango na utaanza kuona nyuzi za karatasi na rangi ya manjano ya ute wa yai uliozeeka. Kwa ukurasa wa kitabu au skrini ya simu, kadi inatosha kabisa. Kwa ukuta, tafuta bamba la fedha, au negativu ya kioo yenyewe kama imesalia, au chapa kubwa iliyotoka moja kwa moja kwenye negativu hiyo.

Kisha kuna fungu la tatu ambalo watu hulichukua bila kujua: mchoro. Magazeti ya wakati huo hayakuwa na njia ya kuchapa picha yenyewe, kwa hiyo fundi aliichonga upya juu ya mbao au chuma, akiifuata picha kadiri alivyotaka. Sura nyingi unazozikuta mtandaoni zikiitwa "picha ya 1860" ni kazi ya mchongaji. Zikuze. Ukikuta mistari midogo iliyopangwa kama jembe limepita, umeshika mchoro.

Kabla ya yote, tazama vifungo

Dagerotipu nyingi zimegeuka kushoto kuwa kulia, kama unavyojiona kwenye kioo cha kunyolea. Baadhi ya wapiga picha waliweka kioo au prizimu mbele ya lenzi ili kunyoosha mambo, wengine hawakujisumbua. Koti la mwanamume hufungwa upande wa kushoto ukilala juu ya ule wa kulia. Ukiona kinyume chake, ama picha imegeuka ama mkuu alivaa gizani.

Mimi jambo hili lilinifunza kwa aibu. Tuliandaa bango la Abraham Lincoln, rais wa Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na msanifu akaona ni vyema aangalie ndani ya ukurasa badala ya nje, akaigeuza picha bila kuniambia. Nami nikapitisha. Lincoln alikuwa na chunjua kwenye shavu la kulia, karibu na mdomo. Kwenye bango letu ilihamia kushoto, na bango la pili, hatua mbili tu mbele, lilikuwa na chunjua mahali pake. Mtoto mmoja wa shule alisimama katikati, akatazama huku na huku, akamuuliza mwalimu wake kama huyu mzee alikuwa na pacha.

Nilijifariji kwamba wakubwa zaidi yangu walianguka pale pale. Kuna mchoro maarufu wa Lincoln amesimama wima kwa madaha, joho limemwangukia begani. Mwili si wake. Ni wa John C. Calhoun, mwanasiasa mtetezi wa utumwa, uliochongwa mwaka 1852. Baadaye kichwa cha Lincoln kikapachikwa juu yake, chunjua ikiwa upande usio wake.

Nani alikuwa rais wa kwanza kupigwa picha? Harrison au Adams

Kwa Marekani, jibu la haraka ni William Henry Harrison. Alipigwa dagerotipu mwaka 1841 alipoingia madarakani, akafa tarehe 4 Aprili, mwezi mmoja tu baada ya kuapishwa. Bamba hilo limepotea. Dagerotipu ya Harrison inayozunguka, ile iliyoko Metropolitan Museum ya New York, ilipigwa mwaka 1850 hivi, na kilichokaa mbele ya kamera ni mchoro wa rangi uliochorwa akiwa hai. Kwa hiyo ni dagerotipu ya kweli, ya Harrison wa turubai. Ukiiweka kitabuni na kuandika "rais wa kwanza kupigwa picha", umeandika sentensi ya kweli chini ya picha isiyohusika.

Anayebaki ni John Quincy Adams, rais wa 1825 hadi 1829, ambaye alipigwa akiwa mbunge mzee. Mabamba mawili ya mwaka 1843 yamesalia, na yote yako National Portrait Gallery ya Washington.

La Machi ni la Philip Haas. Adams ameketi, miguu imepishana, na soksi nyeupe zinachungulia chini ya suruali. Nakiri ni hizo soksi zilizonivuta. Michoro ya wakuu ilikuwa na nguzo za marmari na mapazia mekundu; hapa kuna mzee na soksi zake. Alimpa bamba hilo rafiki yake mbunge, Horace Everett, na mwaka 2017 liliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa dola 360,500. La pili lilipigwa Agosti mjini Utica, jimbo la New York, na miaka mingi baadaye, mwaka 1970, mtu alilinunua katika duka la vitu vya kale kwa senti 50. Ni mtu yule yule na mwaka ule ule.

Adams aliandika shajara maisha yake yote, na picha za Utica alizipatia neno moja: zinachukiza.

Ukihitaji sentensi isiyopingika, yaani picha ya kale zaidi iliyosalia ya mtu aliyewahi kuwa rais wa Marekani, chukua ya Haas. Ukihitaji kuwafundisha wanafunzi jinsi watu walivyoshtuka kujiona kwa mara ya kwanza bila mchoraji wa kuwasitiri, chukua ya Utica, uiweke na lalamiko lake pembeni. Ila jihadhari na ya tatu: ipo dagerotipu ya Adams inayoandikwa kuwa ya Southworth na Hawes wa Boston, ya mwaka 1850 hivi. Adams alikufa Februari 1848. Ni nakala waliyoipiga kutoka kwenye bamba la zamani la Haas. Ni nzuri sana, ila tarehe yake itakuumbua.

Na kama sharti lako ni rais aliyekuwa ofisini, nenda kwa James K. Polk. Mpiga picha Mathew Brady alimpiga tarehe 14 Februari 1849, zikiwa zimebaki wiki chache akabidhi madaraka. Andrew Jackson, rais mstaafu, naye alipigwa nyumbani kwake mwaka 1845, mgonjwa, amevimba, wiki chache kabla hajafa tarehe 8 Juni. Wanaomjua kwa nywele za upepo kwenye noti ya dola 20 hawatamtambua. Noti ilitoka kwenye mchoro.

Malkia aliyejifuta uso

Malkia Victoria wa Uingereza ni mahali ambapo uchaguzi wangu hauna shaka, ingawa huwa nashindwa kuwashawishi wachapishaji.

Tarehe 17 Januari 1852, William Edward Kilburn alimpiga dagerotipu akiwa na watoto wake. Kamera ilimkuta amefumba macho. Katika shajara aliandika kwamba watoto wametoka vizuri na yeye ametoka vibaya mno. Kisha, kwa kuwa bamba ni fedha laini na yeye ni malkia, akaukwangua uso wake. Bamba lipo hadi leo. Watoto wametulia, gauni limekunjika vizuri, na mahali pa kichwa pana mikwaruzo iliyokwenda huku na huku kwa hasira. Siku mbili baadaye Kilburn aliitwa tena. Safari hii Victoria alikaa kwa ubavu, na kofia yake pana ikameza karibu uso wote.

Miaka minane mbele, mwaka 1860, John Mayall alimpiga yeye, Prince Albert na watoto, na kwa ruhusa yake picha zikatolewa kama seti ya kadi za kuuzwa kwa umma. Huyu ni Victoria wa pili: mke anayemsimamia mumewe kitini, mavazi ya kawaida, hakuna taji. Watu walizigombania kwa sababu zilifanana na albamu zao wenyewe. Hiyo ilikuwa hila kubwa kuliko taji.

Kwa kitabu cha historia ya Uingereza, kadi ya Mayall inafanya kazi vizuri zaidi: inaonyesha jinsi utawala ulivyojifunza kutumia karatasi ya bei nafuu. Lakini kama nafasi ni moja na mada ni picha yenyewe, mimi naweka bamba lililokwanguliwa. Mhariri mmoja aliniambia hawezi kuweka picha ya malkia isiyo na malkia. Nilimwelewa, nikaendelea kumsumbua. Zingatia tu kwamba mabamba ya Kilburn ni ya mkusanyo wa kifalme, na kibali huombwa huko. Usiyabebe kwenye mtandao ukadhani umri wake umemaliza mazungumzo.

Lincoln: wanne, na si mtu mmoja

Hapa ndipo watu hukosea kwa sababu ya wingi. Lincoln alipigwa mara nyingi, karibu zote zinapatikana bure, na mtu huchukua ile ya kwanza kutokea. Ninaowapima mimi ni wanne.

Wa kwanza ni dagerotipu ya mwaka 1846 au 1847, inayohusishwa na Nicholas Shepherd wa Springfield, Illinois. Ni wakili wa miaka thelathini na kitu, nywele zimelazwa kwa nguvu, mikono mikubwa haijui ikae wapi. Iko Library of Congress, maktaba ya bunge la Marekani. Ifae kitabu kinachoeleza alikotoka. Usiitumie kama sura yake ya urais. Nimeiona imewekwa juu ya habari za vita vya wenyewe kwa wenyewe, naye wakati wa vita alikuwa na miaka hamsini na zaidi.

Wa pili ni wa tarehe 27 Februari 1860, siku ya hotuba yake ya Cooper Union jijini New York. Mchana huo alikwenda studio ya Brady. Brady alitazama shingo ile ndefu, akamwomba aruhusu kola ipandishwe. Ikapandishwa. Lincoln akasimama, mkono mmoja juu ya vitabu, nyuma yake nguzo, na mkulima mrefu wa Illinois akawa mtu wa kupewa nchi. Picha ikauzwa kama kadi, ikachongwa kwa ajili ya magazeti, ikazaa watoto wasiohesabika kwenye kampeni. Ndiyo picha iliyopendwa na mwenyewe na chama chake. Ukiandika kuhusu uchaguzi, huna haja ya nyingine. Tazama kola kwa karibu: ikishakuonyesha alichofanya Brady, hutaacha kuiona.

(Njia ya haraka ya kukisia tarehe: Lincoln asiye na ndevu ni wa kabla ya Novemba 1860. Msichana wa miaka 11, Grace Bedell, alimwandikia Oktoba kumshauri afuge, na alifuga.)

Wa tatu ni wa Alexander Gardner, tarehe 8 Novemba 1863, siku 11 kabla ya hotuba yake maarufu ya Gettysburg. Hakuna nguzo wala kitabu. Anakutazama moja kwa moja, jicho la kushoto limepanda kidogo kuliko la kulia, na pande mbili za uso hazikubaliani. Kwa ukuta mkubwa hii haina mpinzani.

Kati ya huyo na wa nne kuna mwingine ambaye simhesabu kwa sababu tayari unaye: tarehe 9 Februari 1864, katika studio ya Brady, Anthony Berger alipiga sura iliyokwenda kwenye noti ya dola 5. Siku ile ile alimpiga Lincoln na mwanawe mdogo Tad wakitazama kitabu kikubwa. Wauzaji waliieneza kama baba anayemsomea mwanawe Biblia. Kitabu kile kilikuwa albamu ya picha za studio. Ukiichagua hiyo, andika albamu.

Wa nne ni wa Gardner tena, tarehe 5 Februari 1865. Negativu ya kioo ilipata ufa uliokata juu ya kichwa chake kutoka ukingo hadi ukingo. Gardner alichapa karatasi moja tu, kioo kikatupwa. Kwa hiyo hii ni picha ya karatasi yenye tabia ya dagerotipu: ni moja duniani. Macho yamechoka, shavu limeingia ndani, na midomoni kuna kitu kinachokaribia kuwa tabasamu. Aprili alikuwa amekufa. Kwa miaka mingi vitabu viliiita picha yake ya mwisho, vikiisogeza hadi siku chache kabla ya kifo. Sivyo, mpiga picha mwingine alimpiga Machi mwaka huo kwenye roshani ya Ikulu, upepo ukimsumbua nywele. Ukitumia ya ufa, jizuie kuandika "ya mwisho".

Mfalme aliyejificha nyuma ya mchoro

Japani inatoa somo gumu kuliko yote, na ukiwa na nafasi ya kurasa mbili, nakushauri uzitumie hapa.

Mwaka 1872 Uchida Kuichi alimpiga Kaizari Meiji akiwa na mavazi ya kale ya baraza, kitambaa kikubwa kilichosimama kama jengo na kijana mdogo ndani yake. Mwaka 1873 Uchida huyo huyo alimpiga tena. Nywele zimekatwa, sare ni ya kijeshi ya Kizungu, upanga uko mbele, na mwili umeegemea kiti kwa namna ambayo haionekani kuwa ya mtu aliyezoea viti. Mwaka mmoja tu kati ya picha mbili, na nchi nzima imebadilisha nguo. Ziweke ubavu kwa ubavu na huhitaji aya ya maelezo. Nakala za sare zilikwenda kwenye ofisi za mikoa. Mwaka 1874 serikali ikapiga marufuku kuziuza mitaani. Kwingine mtawala aligundua faida ya kadi ya bei nafuu. Huku waliona hatari yake.

Kisha ikaja ya 1888, na hii ndiyo inayowatega wachaguzi. Ni sura iliyotundikwa mashuleni kote na kuinamiwa kwa heshima: kaizari wa makamo, ndevu, nishani kifuani, kila uzi wa sare unaonekana. Meiji hakupenda kupigwa picha. Mtaliano Edoardo Chiossone alimchora kwa siri akiwa chumba cha jirani wakati kaizari anakula, akaumalizia mchoro kwa uangalifu wa ajabu, na mpiga picha Maruki Riyo akaupiga mchoro huo. Kilichosambazwa ni picha ya mchoro. Kitaalamu haudanganyi ukiiita picha. Lakini kamera haikumwona mtu.

Ninayoipendelea ni ya 1873, kwa sababu ya ule mkao usiotulia. Ya 1888 ichukue pale tu unapoeleza jinsi dola ilivyotengeneza sura, na uandike wazi kwamba ni mchoro uliopigwa picha.

Baraza la Seneti la Liberia

Nimeacha hili karibu na mwisho, ingawa mtu akiniuliza nini kimesahauliwa zaidi, hili ndilo jibu langu. Augustus Washington alikuwa mpiga dagerotipu mweusi mwenye studio Hartford, Connecticut; bamba lake la John Brown, yule mpinga utumwa, liko National Portrait Gallery. Mwaka 1853 alifunga virago akahamia Liberia na vifaa vyake. Nchi ilikuwa imejitangazia uhuru mwaka 1847, changa na yenye kuhitaji kuonekana. Miaka ya mwisho ya 1850 aliwapiga viongozi wake: makamu wa rais Beverly Page Yates, seneta Edward James Roye, katibu wa seneti James Skivring Smith, hata Chancy Brown aliyekuwa mlinzi wa nidhamu ukumbini. Roye na Smith wote walikuja kuwa marais baadaye. Mabamba yako Library of Congress.

Yanafanya kinyume cha kila nilichosema juu. Hakuna aliyekwangua uso wala kulalamika shajarani. Wameketi kwa uangalifu, suti zimebana, na inaonekana mikao yao ilipangwa ili mchoraji aiunganishe katika mchoro mmoja wa baraza zima. Sura hizi zilitakiwa kupendeza, na zinapendeza, na hata hivyo nisingezikwepa, kwa sababu walioamua zitoke vipi walikuwa upande wa mbele wa kamera na upande wa nyuma. Katika miaka ile, Waafrika wengi waliopigwa picha hawakuulizwa. Kwa kitabu cha shule kinachotafuta viongozi wa Afrika katika karne ya 19, weka Yates au Roye kabla hujaenda kwingine kokote.

Ukishachagua

Mambo mawili ya haraka. Pakua faili kutoka kwa anayekimiliki kitu chenyewe. Library of Congress na Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, hutoa nyingi bure kwa ukubwa wa kuchapa, tena zikiwa na tarehe sahihi na maelezo ya kama ni bamba, chapa au nakala. Na kwenye maelezo ya picha andika aina yake. "Dagerotipu, 1843" inamwambia msomaji kwamba anatazama kitu kilichokuwa chumbani na mkuu huyo.

La mwisho ni kwa wanaochukua Lincoln wa Februari 1865. Mpigie simu mchapaji kabla hujamtumia faili. Wasanifu wana programu ya kuziba mikwaruzo, na mkono wao huenda wenyewe. Mwambie ule mstari mweusi juu ya kichwa si uchafu, auache.